Tone Moja katika Droo ya Nne

Kila asubuhi Mwatumu alifungua droo saba, na ndani ya kila droo mlikuwa na swali moja. Hakuyasoma kwanza. Kwanza aliyapangusa. Alikuwa na kitambaa alichokikata kutoka kwenye kanga yake iliyochakaa, na kwa kitambaa hicho alipita droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa upole wa mtu anayempangusa mtoto uso kabla hajaenda shule. Akifika ya nne alipunguza mwendo. Droo ya nne ilikuwa na maji.

Hayakuwa maji mengi. Matone tu. Alipokabidhiwa funguo, alikuta matone sita yamejipanga kutoka nyuma ya droo hadi mbele, yameachana sawasawa kama nyayo za mtu. Kesho yake akakuta sita, na kesho kutwa sita. Mlinzi aliyekuwapo kabla yake, bwana mmoja aliyekuwa anaondoka na viatu vyake mkononi, hakutaka maswali mengi. "Ni ya Bi Kirembo hayo," alisema. "Wewe pangusa tu."

Maana ndani ya swali la nne aliishi Bi Kirembo. Swali lilisema hivi: Bi Kirembo ameteka ndoo ya maji ya lita ishirini. Ndoo inavuja. Kila akitembea hatua mia moja, humwagika lita moja. Kutoka kisimani hadi nyumbani kwake ni hatua mia sita. Je, atafika nyumbani na lita ngapi? Aliulizwa hivyo tangu nchi ilipoanza kujipima, na tangu siku hiyo hakupata kufika nyumbani na zaidi ya lita kumi na nne. Hakuzeeka, hakupumzika. Watoto wasiohesabika walimtazama akimwaga maji njia nzima, wakaandika namba, wakafunua ukurasa. Hakuna aliyempokea ndoo.

Siku hizi tone lilikuwa moja. Mwatumu alilipangusa, akatabasamu kidogo peke yake kama alivyotabasamu kila asubuhi kwa mzunguko mzima, kwa sababu yeye peke yake alijua kwa nini ni moja. Alikuwa ndiyo kwanza anaigusa droo ya tano pale mlango uliposukumwa bila hodi.

"Dada, ngazi haifiki," alisema Chambuso.

Alikuwa na rangi nyekundu masikioni na brashi kiunoni kama mtu aliyevaa jambia. Chambuso ndiye aliyechora Mstari. Hakuwahi kuingia chumba cha Mlinzi kabla ya chai.

"Haifiki wapi?" Mwatumu aliuliza.

"Mstari ulipokwenda. Wahesabuji wamenipa namba usiku huu, nikadhani wamelala juu ya vidole. Nimerudia mara tatu. Umepanda, dada. Umepanda mpaka juu ya Alama ya Kutosha, karibu na dari. Na ngazi yangu ni ile ile ya marehemu baba. Mimi mchora mstari, sikuajiriwa kukwea minazi." Akacheka, akamtazama. "Mbona umeshika kitambaa kama umeshika nyoka?"

Mwatumu alifunga droo ya nne. Mkono wake ulikuwa na unyevu wa tone moja.

*

Watu wa nchi ile hawakuwa na saa wala kalenda. Walikuwa na Mstari. Ulianzia kwenye ukuta wa kwanza wa Nyumba ya Kipimo, kwenye kona ambayo hakuna aliyeikumbuka ikijengwa, ukakimbia ukuta hadi ukuta, korido hadi korido, ukishuka hapa kama sehemu ya chini ya chungu, ukiinuka pale kama bega. Mtu akiulizwa alizaliwa lini, alisema, pale ulipopinda. Mtu akiulizwa alioa lini, alisema, ulipokuwa unalala. Hawakusema wakati unapita. Kwao wakati ulisimama ukutani, watu ndio waliopita mbele yake.

Na Mstari wenyewe ulitoka kwa watoto. Kila mzunguko, asubuhi moja, watoto wote wa nchi waliotimiza miaka tisa waliketi wakajibu maswali arobaini. Maswali thelathini na matatu yalikuwa mapya, yametungwa kwa mzunguko ule, na jioni yalichomwa moto. Saba hayakuwa mapya. Yaliitwa Yale Saba, na yalikuwa yale yale waliyojibu watoto wa mzunguko wa kwanza, neno kwa neno, nukta kwa nukta, kwa sababu bila kitu kisichobadilika hakuna njia ya kujua ni kitu gani kimebadilika. Mtoto wa leo na mtoto wa zamani hawawezi kusimama bega kwa bega. Wanaweza kusimama mbele ya swali moja. Hapo ndipo nchi ilipowalinganisha, na hapo ndipo ilipojua kama inakua au inazunguka tu.

Yale Saba yalikuwa siri. Mtoto aliyaona mara moja maishani, akayasahau au akaapishwa kuyasahau. Wapiga chapa walifanya kazi wamefunikwa macho, wakifuata vidole vyao. Wahesabuji walipewa namba za majibu sahihi bila kuonyeshwa maswali. Aliyeyajua ni Mlinzi peke yake, mwenye funguo. Nchi ilidhani imeyaweka pahali salama kuliko pote. Haikufikiri kwamba kitu kinachojulikana na mtu mmoja kina shahidi mmoja, na shahidi huyo anaweza kuwa msichana mwenye moyo laini.

Haikumchukua muda. Ilikuwa mzunguko huu ulipokuwa unaanza, karatasi zikisubiri kwenda kupigwa chapa. Mwatumu alipangusa matone sita, akasikia, au alidhani amesikia, malapa ya mtu anayetembea akiwa amechoka. Akachukua kalamu. Alifuta maneno machache, akaandika mengine machache. Ndoo inavuja kidogo, aliandika. Njiani humwagika lita moja tu. Akabadilisha na namba ya jibu, kumi na nne ikawa kumi na tisa. Kesho yake akafungua droo akakuta tone moja, na malapa hayakusikika tena, na alijisikia kama mtu aliyempisha mjamzito kiti.

Hakuona kosa. Hilo lazima lisemwe wazi. Aliona ndoo.

*

Walibeba ngazi ndefu kutoka bohari, Chambuso mbele, Mwatumu nyuma. Mstari mpya ulikuwa unasubiriwa mwisho wa korido ndefu kuliko zote, nchi nzima ikiwa imekwisha kaa ukumbini, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika ila kupita mbele ya mizunguko yote.

"Leo Mama Mkuu wa Nyumba atatangaza," alisema Chambuso bila kugeuka. "Vibanda vinafungwa. Amesema nguzo zake zitajenga jukwaa la sherehe."

Vibanda vya marudio vilikuwa arobaini. Kila mahali palipokuwa na watoto wanaobaki nyuma palijengwa kibanda cha miti na makuti, akawekwa mwalimu mmoja mwenye subira, na watoto wakaenda huko baada ya shule kufundishwa polepole kile ambacho wenzao walikidaka kwa kusikia mara moja. Sheria ilisema Mstari ukivuka Alama ya Kutosha, vibanda vimemaliza kazi.

"Vyote arobaini?" Mwatumu aliuliza.

"Vyote. Kwani Mstari umepanda nusu?" Chambuso alirekebisha ngazi begani. "Mtoto wangu wa mwisho, yule Nuru wangu, yuko kibanda cha kumi na tisa. Alfajiri nimemwambia, mwanangu, usiende tena, nchi imepona. Akanuna. Ati ndiyo kwanza mwalimu amemfikisha kwenye mia. Nikamwambia mia utaikuta mbele ya safari."

Mwatumu alifungua mdomo. Sauti yake ilikuwa na tabia moja ya tangu utotoni: ikiitwa, ilishuka. Iliteremka kutoka kooni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi tumboni, ikaketi huko na kukunja miguu.

Sema.

Nitasema tukifika kona.

Kona imepita.

"Chambuso," alisema mwishowe. "Tuseme swali moja lingebadilika. Katika Yale Saba. Moja tu."

"Tuseme ng'ombe angetaga."

"Nauliza tu."

Chambuso alipunguza mwendo. "Basi ningekuwa sichori watoto," alisema. "Ningekuwa namchora huyo aliyebadilisha. Ningepanda juu huko, na rangi yangu, na shingo yangu, kuichora huruma yake au ujinga wake, nchi ipige vigelegele." Akasimama. Ngazi ikasimama. Hakugeuka, ila masikio yake mekundu yalikuwa yametulia kabisa. "Usiniambie mimi, dada. Ukiniambia mimi nitakuwa nimejua, na mimi mtu wa maneno mengi, nitasema kwa niaba yako, na litakuwa langu. Kama ni lako, liseme kwa mdomo wako."

Wakaendelea.

*

Mwatumu alipokuwa mdogo, mama yake alimpima urefu kwenye mwimo wa mlango. Alimsimamisha, akaweka kitabu kichwani, akachora kwa mkaa. Alama zilipanda pole pole, upana wa kidole, nusu ya kidole, mwezi mwingine hakuna. Halafu baba yake akapata saruji, akamwaga ndani ya chumba, na sakafu ikainuka kiganja kizima. Siku ya kupimwa Mwatumu alisimama penye sakafu mpya, na alama ikaruka kiganja kizima na upana wa kidole. Mama alipiga kigelegele. Aliita majirani. Na jioni ile uji wa lishe wa Mwatumu akapewa mdogo wake, kwa sababu Mwatumu alikuwa amekwisha kukua.

Gauni lake tu ndilo lililosema kweli. Lilimfika palepale lilipomfika jana, chini ya magoti. Lakini nani anauliza gauni?

Kilichomkalisha Mwatumu na kumbukumbu hiyo miaka yote ni kwamba hapakuwa na mwongo. Mama alichora palipo na kichwa. Mkaa ulikuwa mkaa. Mlango haukusogea. Hata yeye Mwatumu alisimama wima bila kunyanyua visigino. Kila mtu alisema ukweli na jumla ya ukweli wao wote ikawa uongo, na mtoto akakosa uji. Ndiyo maana alipokua alitaka kazi ya kulinda sakafu. Aliitaka kuliko kazi yoyote. Na sasa, akiwa amebeba mkia wa ngazi katikati ya korido, alitambua kwamba alipoipata alifanya kile kile alichofanya baba yake, kwa mapenzi yale yale, na saruji ya maneno machache.

*

Katika mzunguko wa tatu Mstari ulishuka kuliko popote, na chini yake watoto walikuwa wameketi. Huko nje walikuwa wamekwisha kuwa mafundi wa kuchomelea, wauza vitunguu, akina mama. Lakini mbele ya ukuta walikuwa na miaka tisa na watakuwa nayo daima, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja wao alikuwa amesukwa twende kilioni na alikuwa anatafuna mwisho wa penseli.

"Umenenepa," alisema bila kuinua kichwa.

"Kazi ya kukaa," Mwatumu alijibu.

"Na bado unanong'ona."

"Niko na mtu. Tunawahi."

"Unaongea na nani?" Chambuso aliuliza kutoka mbele.

"Na mtoto mmoja."

"Basi mmalizane upesi, maana humu wako wengi."

Walishusha ngazi. Mwatumu aliinama juu ya karatasi. Swali la nne. Maneno ya zamani, yote, kila hatua mia moja humwagika lita moja. Mahali pa jibu hapakuwa na namba. Mtoto alikuwa amechora ndoo, na penye ndoo alikuwa amechora kiraka, kiraka kizuri cha pembe nne, kimeshonwa kwa uzi pande zote.

"Ulipata sifuri," Mwatumu alisema.

"Najua. Nilikuwepo." Mtoto alitoa penseli mdomoni. "Wewe ndiye uliyesahau kilichofuata."

Hakuwa amesahau. Alikuwa amekiweka mbali, kama mtu anayeweka cheti chini ya godoro. Sifuri ile ilichukuliwa ikawekwa pamoja na sifuri za wengine, na zilikuwa nyingi, na uzito wake ndio ulioukunja Mstari pale ukawa kama chungu. Nchi ilisimama mbele ya shimo lile. Kisha ikakata miti, ikajenga vibanda. Mwalimu wa kibanda chao, Mwalimu Hilda, ambaye hakulijua swali ila alijua walipokwama, alikuja siku moja na kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa msumari, akalijaza maji, akamtwika Mwatumu. Tembea, alisema. Hesabu. Walitembea mia ya kwanza, wakasimama, wakapima kilichobaki. Mia ya pili. Mia ya tatu. Wenzao walikuwa wanacheza rede, wao wanatembea. Walipofika mia ya sita Mwatumu alikuwa amelowa kutoka mgongoni mpaka kwenye visigino, na alipoangalia ndani ya kopo alijua. Hakuambiwa. Alijua jinsi mia inavyokaa ndani ya mia sita, na jinsi kitu kinavyopungua kikiwa kinaendelea kuwa chako. Namba nyingine zote alizijua baadaye kwa kichwa. Ile aliijua kwa mgongo.

"Ungenizibia ndoo wakati ule," alisema mtoto, "ningeandika kumi na tisa."

"Ungepata vema."

"Halafu?"

Mwatumu aliangalia kile kiraka.

"Halafu nani angejua kwamba sijui?" mtoto aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama watoto wanavyouliza kwa nini mwezi unatufuata, akitaka kweli kujua. "Wewe mwenyewe usingekuwepo. Nisingekuwa na wa kuongea naye hapa." Akarudisha penseli mdomoni, akainama tena juu ya kiraka chake, akakiongezea mshono mmoja.

*

Fikiri basi, Mwatumu. Fikiri ukiwa unatembea.

Bi Kirembo hakuwa anateseka. Ulimwona anateseka kwa sababu ulimtazama peke yake, asubuhi, mlango umefungwa, wewe na yeye. Lakini yeye alikuwa na kazi. Alimwaga lita sita njiani ili mtu fulani, pahali fulani, aonekane kwamba hajui kupiga hesabu ya lita sita.

Ukamzibia. Sasa hapotezi kitu, na mtu asiyepoteza kitu hakuna anayemtafuta.

Na wale watoto elfu kwa elfu walioandika kumi na tisa mzunguko huu. Waliandika vema. Walifurahi. Wamerudi nyumbani na furaha ambayo wewe umewatengenezea, na kesho watakuta kibanda kimeng'olewa nguzo.

Uliogopa wasiumie. Ulijiogopea wewe usiumie kwa kuwatazama.

Hilo la pili ni lako. Hilo libebe.

*

Ukumbi ulijaa. Mama Asumpta, Mkuu wa Nyumba, alikuwa amesimama chini ya ukuta mtupu, gauni lake jeupe, miwani imening'inia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelea Nyumba ile mizunguko minne, na aliwajua wafanyakazi wake kwa majina ya mama zao. Alipomwona Mwatumu anaingia na mkia wa ngazi alimchekea kwa macho.

"Njoo mwanangu, njoo karibu. Leo siku yako pia."

Chambuso aliegemeza ngazi, akapanda. Alipanda kupita kimo cha shimo la mzunguko wa tatu, kupita kimo cha bega la mzunguko wa tano, kupita Alama ya Kutosha, mpaka kichwa kikagusa dari. Akachovya brashi. Watu wakakaa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kama cha watu wanaosubiri bwana harusi.

Ilikuwa desturi ya nchi ile kwamba brashi haigusi ukuta kabla Mlinzi hajaulizwa. Swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa moja. Walinzi wote waliotangulia walilijibu, wengine kwa kujidai, wengine kwa kupiga miayo. Mwatumu alikuwa hajawahi kuulizwa. Huu ulikuwa mzunguko wake wa kwanza.

"Mlinzi," alisema Mama Asumpta, "ni yale yale?"

Macho ya nchi nzima yalimgeukia. Sauti ikashuka. Aliisikia ikishuka ngazi zake, kooni, kifuani, tumboni, ikikaa, ikikunja miguu. Aliangalia mikono yake. Aliangalia juu, na huko juu Chambuso alikuwa ameshika brashi hewani akimtazama yeye peke yake, na tone la rangi lilikuwa limejikusanya kwenye ncha ya brashi na halikutaka kudondoka.

Mtu alikohoa. Ndipo Mama Asumpta alipofanya wema. Alimsogelea, akamshika bega, akawageukia watu na tabasamu.

"Mlinzi wetu ana haya," alisema. "Tangu aje hapa hajawahi kuinua sauti, hata chai anaiomba kwa macho. Tusimtese. Nitamjibia mimi. Ni yale—"

Mkono wa Mama ulikuwa wa joto na mwepesi, na chini ya mkono ule Mwatumu alihisi kitu ambacho hakupata kukihisi maishani. Alihisi anazibwa. Mtu aliyempenda alikuwa anampunguzia njia. Alikuwa anamwondolea hatua mia sita, anamwandikia jibu, na baada ya hapo hakuna mtu angejua kamwe Mwatumu alikuwa amebeba nini. Akajua hivyo ndivyo alivyomfanyia Bi Kirembo. Kwa mkono ule ule wa joto.

"Mama, naomba nijibu mwenyewe," alisema.

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilikuwa imepanda, na ukumbi ulikuwa kimya.

"Si yale yale," alisema Mwatumu. "La nne nililibadilisha. Lilikuwa zito, nikalifanya jepesi, na jibu lake nikalibadilisha pia. Hakuna aliyeniagiza. Watoto hawajapanda. Nimeinua sakafu."

Mama Asumpta hakuondoa mkono begani. Uliendelea kuwa pale, ila haukuwa mwepesi tena. Nyuma, mtu aliyekuwa ameshika ngoma aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama inayoweza kuvunjika. Minong'ono ikaanza, ikazunguka ukumbi, ikarudi. Mwanamume mmoja alisema, "Na jukwaa limekwisha kupimwa." Mwingine akamwambia anyamaze.

"Chambuso," aliita Mama Asumpta bila kumwondolea Mwatumu macho. "La nne tukilitoa, yale sita yanasema nini?"

Chambuso alikuwa amekwisha kuhesabu. Ilionekana usoni kwamba alikuwa amehesabu tangu kwenye korido.

"Yanasema tuko pale pale, Mama." Akaanza kuteremka, ngazi moja, ngazi moja, mpaka miguu ikagusa chini. Bila ngazi, bila kunyoosha hata mkono, akaweka brashi ukutani mbele ya kifua chake. "Hapa. Sihitaji kupanda." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu asiyekuwepo, "Nuru atanicheka."

Mama Asumpta aliutazama ukuta. Alitazama mahali brashi ilipogusa, na mahali pa juu karibu na dari ambapo Mstari ulikuwa ufike. Alionekana mzee ghafla, kisha akaonekana kijana, kisha akaonekana mwenyewe. Alinyoosha kiganja, na Mwatumu akaweka funguo saba juu yake. Alikuwa ameijua sehemu hiyo tangu mwanzo. Haikumuuma kama alivyodhani.

"Nakujua, mwanangu," Mama alisema, na sasa alikuwa anaongea naye kama hakuna mtu mwingine ukumbini. "Hukufanya kwa kutaka sifa. Ungekuwa unataka sifa ungenyamaza. Basi niambie. Ulikusudia nini?"

Pahali fulani nyuma ya kuta, mbali, kwenye chumba kilichoachwa mlango wazi, malapa yalianza kutembea. Mwatumu aliyasikia waziwazi. Hayakuwa yamechoka. Yalikuwa ya mtu anayejua anakokwenda, na kila baada ya hatua mia moja kitu kilidondoka. Alijipangusa mikono kwenye gauni, akainua uso.

"Nilitaka mtu mmoja afike nyumbani na ndoo imejaa," alisema, na safari hii hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia. "Lakini kwenye karatasi haizibwi, Mama. Inazibwa kule vibandani, na mtoto lazima kwanza alowe. Nilikuja kusema msivifunge."